Mazungumzo ya Dini Vyuoni Yaanzie Kwenye Ratiba ya Mitihani

Mwanafunzi aliyepangiwa na serikali kusomea vyuo vikuu vya Kenya kama Egerton kule Njoro, Maseno au Masinde Muliro mjini Kakamega hajichagulii jirani. Mwislamu wa Wajir hujikuta chumba kimoja na Msabato wa Kisii na Mkatoliki wa Bungoma, wakigawana jiko na sufuria. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoshikilia kwamba bweni lenyewe ni darasa tosha la kuvumiliana, na kwamba makongamano ya dini na tamaduni huwakusanya tu wale ambao tayari wanasikilizana.

Hoja hiyo ina uzito, na wacha Mungu wa dhati huiongezea nyingine. Wanahofia kwamba mazungumzo ya aina hii yatamtaka kila mmoja apunguze makali ya imani yake, hadi ibaki adabu isiyo na mafundisho. Hofu yao ni halali: kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinamlinda mtu anapoifuata dini yake na pia anapoifundisha. Kongamano linalomkataza mwanafunzi kusema kwamba anaamini dini yake ndiyo ya kweli halimtendei haki.

Hata hivyo, ujirani pekee umewahi kutuangusha vibaya. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi mkuu, watu waliokaa ploti moja kwa miaka mingi Nakuru, Kisumu na Eldoret waligeukiana, na nchini kote zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Walikuwa wakisalimiana kila asubuhi. Yaliyowachoma moyoni kuhusu ardhi na madaraka yalisemwa kila upande peke yake. Kisha Aprili 2, 2015, magaidi walivamia chuo kikuu cha Garissa, wakawabagua wanafunzi kwa dini na kuua watu 148. Baada ya tukio kama hilo, kunyamaza chumbani si amani, kwa kuwa shaka hukua palepale pasipoulizwa swali.

Hapa kwetu magharibi lipo pia suala la kutojuana. Wengi huuchukulia Uislamu kuwa dini ya Pwani, ilhali Mumias imekuwa na Waislamu tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga; nao ni Waluhya wenye koo na desturi zilezile za majirani zao Wakristo. Mwanafunzi akilijua hilo, ataona kwamba kabila na dini havigawanyiki kwa mstari mmoja, na mwanasiasa wa chuo atapata taabu zaidi kumpanga upande.

Kwa maoni yangu, basi, mazungumzo yanahitajika, ila yapewe jambo la kuamua. Mtihani ukipangwa Jumamosi, Msabato anaumia. Ukipangwa Ijumaa saa saba mchana, Mwislamu anakosa swala ya jamaa. Ukisukumwa Jumapili, Wakristo wengine nao wanalalamika. Wakiketi pamoja kulitatua, kila mmoja atalazimika kueleza kwa nini siku hiyo ni nzito kwake, bila kuombwa ailegeze imani yake, na mwenzake atasikiliza kwa kuwa uamuzi unamgusa. Vyama vya kidini na vya kikaunti vialikwe mapema katika muhula, msajili wa masomo awepo mwenyewe, na rasimu ya ratiba iwe mezani kabla haijabandikwa ubaoni.