Mteja Anataka Sauti ya Kawaida

Mteja kaniambia, "Sauti iwe ya kawaida tu, kama unapiga stori na jirani." Sawa bosi. Nikafungua maneno aliyonitumia niyasome na kumrekodia: "Katika kuhakikisha kwamba upatikanaji wa huduma bora na endelevu unaimarishwa kwa wadau wote..." Jamani, nani hapa Manzese anapiga stori hivyo? Mwambie mama muuza mihogo "upatikanaji endelevu" uone kama hatakuuliza umelala njaa.

Haya, njaa haina baunsa. Nikajifungia ndani ya kabati la nguo, maana chumba kina mwangwi wa kufa mtu na studio ya kukodi itakula malipo yote. Nguo zinameza mwangwi kweli, ila zinameza na hewa. Feni nimezima. Friji nimechomoa, ule mngurumo maiki inaudaka hata kama wewe umeshauzoea. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maiki, tena uongee kwa pembeni kidogo, la sivyo kila "p" inaipiga maiki kofi. Na huyu mtu kaniandikia "upatikanaji", "upimaji", "mapema ipasavyo". Kama ana ugomvi na mimi si aseme!

Nikavuta pumzi. "Katika kuhakikisha..." Huko nje: "Vyuma chakavuuu! Betri mbovuuu! Friji mbovuuu!" Siku hizi hata hawapigi kelele wenyewe, wamerekodi, spika inajirudia tu juu ya mkokoteni. Na tuseme ukweli, jamaa anajua kazi. Hana kabati, hana maiki ya maana, lakini kila neno linafika mtaa wa tatu, anapumua panapotakiwa, na wala huhisi kwamba anasoma.

Akapita. Ikaja baiskeli ya aiskrimu na kale kamuziki kake. Nyuma yake muuza kahawa, anagonga vikombe. Nikasema basi, nitarekodi usiku wa manane. Mtaa ukalala, nikarudi kabatini, jasho linanichuruzika, nikafungua mdomo... mbu. Kwenye maiki unadhani ni bodaboda inapanda mlima.

Asubuhi nikatuma hivyo hivyo. Jibu likaja: "Safi, ila mbona kama unasoma?"

Sasa namsubiri yule wa vyuma chakavu apite. Karatasi nampa yeye, asome. Na friji aondoke nayo, maana nilisahau kuichomeka, samaki wa wiki nzima wameoza, na mke wangu anarudi saa kumi.