Baa ya mtaa si pombe tu

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema baa za vitongoji vya Uingereza zinakufa kwa sababu bia ya supamaketi ni nafuu. Ni kweli, lakini amesahau suala la matabaka. Zamani baa moja ilikuwa na milango miwili: kwa vibarua sakafu tupu na mabenchi ya mbao, kwa wenye nazo zulia, na bia ileile kwa bei ya juu kidogo. Kuta zilizotenganisha pande hizo mbili zimevunjwa, ubaguzi ukahamia kwenye menyu. Baa ikigeuzwa mgahawa wa bei mbaya, mzee wa pensheni aliyekuwa akikaa na painti (glasi kubwa) moja ya bia jioni nzima, akipiga soga na majirani, anabaki kwake peke yake. Hilo linaniuma sana.

Baa nyingine ziliokolewa na wakazi. Carlton Tavern ya Kilburn, London, ilibomolewa 2015 bila kibali. Wakazi walikomaa mpaka mmiliki akaamriwa aijenge upya kama ilivyokuwa, ikafunguliwa 2021. Ivy House, baa ya Nunhead, London, wakazi waliinunua wenyewe 2013. Sheria ya 2011 (Localism Act) iliwapa wananchi miezi sita kutafuta fedha za kununua jengo lililoorodheshwa kuwa na thamani kwa jamii, kama baa, linapotaka kuuzwa. Kwa mtaa wa watu wa kipato cha chini, muda huo hautoshi kabisa.