Bima ya setilaiti: mfugaji anayelalamika si mjinga

Katika mazungumzo ya watu wa bima hapa Nairobi kuna kauli isiyokosekana: wafugaji waelimishwe. Mfugaji wa Wajir amekata bima ya mifugo, ukame umekuja, ng'ombe wamemfia, kisha anaambiwa picha za setilaiti zinaonyesha malisho yapo na hivyo hakuna fidia. Akilalamika, tunasema hakuielewa bima aliyoinunua. Mimi naona kinyume. Mara nyingi huyo mfugaji ndiye aliyegusa kasoro ya bima hiyo pale pale ilipo.

Lakini setilaiti nayo ipewe haki yake, maana wapo wanaoiita mtambo wa kuwanyima watu pesa, na hiyo si kweli. Bima ya kawaida inataka mtathmini afike, ahesabu mizoga, aandike ripoti. Kwa mbuzi kumi walio kilomita mia tatu kutoka Isiolo, mafuta ya gari peke yake yanaimaliza ada aliyolipa mwenye mbuzi. Watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao hapa Nairobi, pamoja na washirika wao, walipoianzisha bima hii Marsabit mnamo Januari 2010 waliikwepa safari hiyo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila aliyekata bima hapo analipwa. Hakuna mizoga ya kuhesabu wala afisa wa kuhongwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, mwaka wa ukame mkali. Mwaka 2015 serikali nayo ikaingia na mpango wake, ukianzia Turkana na Wajir. Baadaye bima yenyewe ikarekebishwa ilipe mapema, mfugaji anunue nyasi na maji wanyama wangali hai. Bima ya kuhesabu mizoga haiwezi kufanya hivyo hata kidogo.

Tatizo ni kwamba setilaiti huona kijani bila kujua ni kijani cha nini. Mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, una mizizi inayofuata maji chini sana, kwa hiyo hubaki na majani nyasi zikishakauka. Waliokaa nao wanaujua. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi, na jamii ya Ilchamus ilipoishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, mbuzi kibogoyo alifikishwa mahakamani hapa Nairobi. Eneo lililojaa mathenge huonekana lina uhai kutoka angani hata ng'ombe wakiwa hawana cha kutafuna. Wataalamu wanaweza kuviondoa vichaka kwenye hesabu, lakini mti nao huenea bila kusubiri ramani mpya.

Kisa ninachokirudia kila mara ni cha Malawi. Kwa msimu wa 2015/16 serikali ya nchi hiyo ililipa ada ya dola milioni 4.7 kwa African Risk Capacity, chombo cha bima ya ukame kilichoundwa chini ya Umoja wa Afrika. Mfumo wake huchukua vipimo vya mvua kutoka setilaiti na kukadiria mahindi yatakayopatikana. Mvua ikaharibika, serikali ikatangaza janga Aprili 2016, na watu zaidi ya milioni 6 wakahitaji chakula. Mfumo ulihesabu waathiriwa takriban 21,000, na kwa hesabu hiyo hapakuwa na fidia.

Nimejaribu mara nyingi kuipata picha ya tofauti hiyo. Watu 21,000 ni umati wa uwanja mmoja wa mpira. Milioni 6 ni zaidi ya wakazi wote wa Kaunti ya Nairobi. Na hitilafu kubwa haikuwa angani. Mfumo ulidhani wakulima wamepanda mahindi ya siku 120 hadi 140, kumbe wengi walikuwa wamehamia mbegu ya siku 90. Ilibidi watu waende mashambani wakaulize swali ambalo jirani yeyote angelijibu: mmepanda mbegu gani? Hesabu iliporekebishwa, mwishoni mwa 2016 ikakubaliwa kulipa takriban dola milioni 8, baada ya miezi ya njaa.

Malawi ilisikilizwa kwa sababu ni serikali. Mfugaji wa Buna, kule Wajir, hana waziri wa kumpigia mtu simu.

Baharini mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Rada ya setilaiti huiona meli usiku na mawinguni, hata nahodha akizima kifaa kinachotangaza mahali alipo. Tangu Wahouthi waanze kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni ya bima inataka sana kujua meli ilipitia wapi. Lakini huko mwenye meli ana mawakili na wataalamu wake wa kuisoma picha ile ile. Picha ikibishaniwa, pande zote mbili zina sauti.

Na wanaotaka kuleta bima ya namna hii kwa mafuriko ya mjini wakumbuke 2024. Setilaiti ya rada ya Ulaya, Sentinel-1, ilikuwa imebaki moja inayofanya kazi, ikirudi kwenye njia ile ile kila siku 12. Maji ya mtaa wa Mathare, hapa Nairobi, yanaweza kuingia nyumbani usiku na kuondoka kabla haijapita.

Ukiwaambia wenye kampuni za bima wasikilize pia ushahidi wa ardhini, hujibu kwamba ukiuruhusu umerudisha udanganyifu uliokimbiwa, na kampuni kubwa zinazowapa wao wenyewe bima zitapandisha ada. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana sisemi taarifa za ardhini zichukue nafasi ya setilaiti. Nasema zifungue mlango wa kuangalia upya, pale tu vipimo viwili vinapoachana mno. Na taarifa zenyewe tunazo: Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa kila mwezi ripoti za kaunti 23 kame, zikieleza afya ya mifugo, maziwa, na umbali wa kufika kwenye maji. Zinakusanywa na watu walioko huko huko, na gharama yake imekwishalipwa.

Kinachotakiwa ni kifungu kwenye mkataba, chenye idadi ya siku na jina la ofisi ya kupokea malalamiko. Katika mpango ule wa 2015 ada ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano kwa kila kaya iliyosajiliwa ililipwa na serikali, yaani na sisi walipa kodi. Anayelipa ada ana haki ya kudai kifungu hicho kabla ya kutia saini mkataba mwingine.