Kunyooka Si Kukakamaa

Mwanafunzi wa tai chi, sanaa ya mapigano ya Kichina yenye miondoko ya polepole, akiambiwa anyooshe mgongo, mara nyingi hutunisha kifua, huvuta mabega nyuma na kuinua kidevu kama askari wa gwaride. Nami nilisimama hivyo kwa muda mrefu, nikidhani nimenyooka, kumbe nilikuwa nimekakamaa tu.

Yang Chengfu, mwalimu mashuhuri wa tai chi aliyefariki mwaka 1936, aliacha kanuni 10 zilizoandikwa na mwanafunzi wake Chen Weiming, na ya kwanza haihusu mgongo bali kichwa: utosi uinuke kwa wepesi, pasipo kutumia nguvu shingoni. Zinazofuata zinataka kifua kisitunishwe, kiuno kilegee, mabega na viwiko vishuke. Kwa maoni yangu, anayezisoma kwa makini ataona kwamba karibu zote zinamwambia mtu aache kufanya jambo fulani, ilhali walimu wengi huzifundisha kama orodha ya mambo ya kuongeza.

Gharama ya kosa hili huonekana zaidi kwenye goti. Goti kazi yake hasa ni kukunja na kukunjua, kama bawaba ya mlango, lakini nyonga ni kiungo cha mviringo kinachoweza kuzunguka. Basi nyonga ikikazwa, na mwili ukageuka huku mguu umebeba uzito, msokoto wote huangukia goti, ambalo halikuumbwa kwa kazi hiyo. Kipimo ni rahisi: ukiwa umeegemea mguu wa mbele, tazama chini, na ikiwa goti limekificha kidole gumba cha mguu, limekwisha kuangukia ndani. Usilisukume nje kwa nguvu, maana huko ni kuongeza kosa la pili. Legeza nyonga, nalo litarudi.

Wapo wanaosisitiza kwamba kiwiliwili lazima kisimame wima wakati wote. Sikubaliani nao, kwani katika mtindo wa tai chi wa mwalimu Wu Jianquan mwili huelekea mbele katika hatua ndefu, na bado mstari kutoka utosini hadi kisigino cha nyuma haukatiki.

Siku hizi, kabla ya mazoezi, husimama dakika 5, magoti yamelegea, nikingoja uzito ushuke kwenye nyayo. Mabega niliyokuwa nikiyavuta nyuma hushuka yenyewe, kwa kawaida la kushoto likitangulia.