Jembe la Mama na bolti 38

Mtu akikuambia anafufua gari la zamani, usimuulize habari za injini. Muulize bolti. Injini unaweza kumkabidhi fundi akaenda nayo. Bolti utabaki nazo mwenyewe usiku, moja moja, ukizibembeleza kama mtoto aliyegoma kunywa dawa.

Langu ni Volkswagen Beetle la mwaka 1968. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani kule Mexico mwaka 2003, na sidhani kama kati ya hizo zote kuna lililolala nyasini muda mrefu kuliko langu. Siku naliona kwa mara ya kwanza lilikuwa na kuku. Sisemi lilikuwa na manyoya ya kuku. Alikuwemo kuku mwenyewe, ametamia kiti cha nyuma, na kwa jicho alilonitolea ungedhani kadi ya gari imeandikwa jina lake.

Sasa, madigadi ya Beetle hayakuchomelewa kwenye bodi. Yamefungwa kwa bolti, safu nzima kuzunguka kila tairi, na tairi likizunguka kazi yake ni kuzirushia tope na maji miaka nenda rudi. Kutu nayo ina tabia moja ya kishenzi: chuma kikishakuwa kutu kinavimba. Kinataka nafasi kubwa kuliko ile kiliyokuwa nayo kilipokuwa chuma, na ndani ya nati nafasi hiyo haipo, basi kinabana pale pale. Ndiyo maana bolti iliyokazwa na mtu mmoja kiwandani huku anapiga mluzi, leo inataka wanaume wawili, bomba la kurefushia spana, na maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Wiki mbili nilizimaliza chini ya gari hilo. Nilimwagia mafuta ya kulegezea jioni nikaacha yanywe usiku kucha. Nilipasha nati moto ili itanuke. Nilijifunza ule ujanja wa kukaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, maana kutu ikishavunjika upande mmoja inakosa nguvu upande wa pili. Bolti tano zilikatika vichwa, Mungu aziweke pema. Nyingine 38 zilitoka nzima, nyekundu kama zimechimbuliwa kaburini, lakini nzima, na vichwani ukipangusa unaona bado ile alama ya kiwanda. Nilizipanga juu ya gazeti nikazitazama kama bwana harusi.

Kuna aliyenishauri ninunue mpya. Nilimtazama tu. Gari la 1968 lenye bolti za juzi ni sawa na babu aliyevaa kaptula ya shule.

Fundi wangu ni mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Nilimuuliza namna ya kutoa kutu, akajibu bila kuinua kichwa: "Siki, kijana. Usiku mmoja. Asubuhi brashi ya waya, osha, kausha, paka mafuta. Umemaliza."

Nilijaribu kwa bolti sita. Kwa kweli zilitakata, rangi ya kijivu nzuri kabisa. Nikazisuuza, nikaziacha dirishani zikauke zenyewe, nikalala. Asubuhi zote sita zilikuwa zimepiga rangi ya chungwa upya. Mzee alisema kausha, alisema paka mafuta, lakini mimi nikahitimisha kwamba siki ni teknolojia ya kale.

Nikahamia kwenye umeme.

Njia yenyewe ni halali, watu wanaitumia na inafanya kazi. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Unatafuta chaja ya betri. Waya mmoja unaufunga kwenye chuma chako chenye kutu, wa pili kwenye kipande cha chuma kisicho na thamani ambacho kitatolewa kafara. Umeme unapita majini, kutu inaachia. Maonyo yake niliyashika yote, tena niliyaandika kwa chaki ukutani: kafara isiwe chuma cha pua, kile cheupe kisichoshika kutu, kwa sababu kromiamu iliyomo inaweza kutoka ikafanya maji kuwa sumu, kazi ifanyike nje, maana inatoka gesi ya hidrojeni na cheche moja inatosha kukunyoa nyusi, usiguse vitu majini chaja ikiwa inawaka. Ukuta ulipendeza. Kitu kimoja tu sikukiandika, kwa kuwa niliona ni kidogo mno kusahaulika: waya upi unakwenda wapi.

Siku ya kazi ilipofika nikakisahau.

Lakini mtu msomi hakosi la kufanya, anafikiri. Nikafikiri hivi. Kuna chanya na kuna hasi. Chanya ni neno zuri, mtu mwenye mtazamo chanya anasifiwa. Hasi? Hasi ndiyo wanayofanyiwa madume ya ng'ombe wakatulia. Bolti zangu nimezitoa kwa jasho wiki mbili, leo hii nizifunge kwenye waya wa kuhasi? Haiwezekani. Chanya nikazipa bolti, hasi nikaitafutia kafara.

Kafara niliipata nyuma ya nyumba: jembe la Mama, halina mpini, kutu imelivaa mpaka huwezi kujua kama limewahi kuwa na rangi nyingine. Nilijua halitumiki. Bolti 38 nikazishona kwa waya wa chuma kama shanga, nikazitumbukiza upande huu, jembe upande ule. Halafu nikatia na chumvi, viganja viwili, ili kuharakisha. Hakuna aliyenituma chumvi. Ni kipaji changu tu.

Nikawasha. Mapovu yakaanza papo hapo, na yalikuwa mengi zaidi upande wa jembe kuliko upande wa bolti. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilisikia huruma. Nikasema, masikini, ndivyo kafara inavyoteseka.

Siku ya pili maji yaligeuka uji mzito wa kahawia, na juu kukakaa povu lenye rangi ya matofali. Nikaita nyumba nzima waje kushuhudia.

"Mnaona kutu inavyotoka?"

Mke wangu akainama, akatazama ndoo, akatazama gazeti lililobaki na alama za bolti. "Mbona kutu imekuwa nyingi kuliko bolti zenyewe?"

Nikamwambia sayansi ina mambo yake. Bado ananikumbusha sentensi hiyo, hasa mbele ya wageni.

Siku ya tatu nikazima chaja, nikavaa glavu, nikavuta ule mshipi wangu wa bolti. Ulikuwa mwepesi. Nilidhani umenasa nikauvuta pole pole, kumbe haukunasa, ulikuwa mwepesi tu. Kilichotoka majini siwezi kukiita bolti. Nyingine zilikuwa na kichwa kikubwa na kiuno cha nyigu. Nyingine zilikuwa na kiuno, kichwa hakuna. Alama ya kiwanda imefutika kama haijawahi kuwepo. Meno yote yamekwenda, zimebaki laini, vibogoyo watupu. Na kumi na moja hazikutoka kabisa. Nilipapasa kwenye tope la chini nikapata vitu vidogo kama punje, nikaacha kupapasa.

Nikalivuta jembe. Lilikuwa na utando mweusi tu juu yake. Nikalipitishia brashi mara mbili tatu, utando ukatoka wote. Lilikuwa limetakata mpaka kwenye tundu la mpini. Kwenye bapa lake kulitokea muhuri wa mtengenezaji, herufi moja moja zinasomeka, muhuri ambao hakuna mtu nyumbani aliyejua kama upo.

Nikamwita Mzee. Alifika, akasimama juu ya ndoo kama daktari aliyechelewa.

"Waya mweusi uliufunga wapi?"

"Kwenye jembe, Mzee."

Akatafuta tairi akakaa. "Kijana, kwenye ndoo hii anayepewa hasi ndiye anayepona. Anayepewa chanya ndiye anayeliwa." Kisha akaonja maji kwa pua. "Na harufu hii ni ya nini?"

"Niliongeza chumvi kidogo."

"Ili chanya imle vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu.

Nilijitetea. Nikamweleza hoja yangu yote, ya mtazamo chanya, ya madume ya ng'ombe, ya wiki mbili za jasho. Mzee yule sijawahi kumwona anacheka kabla ya siku ile. Alicheka mpaka akashika bega langu asianguke kutoka kwenye tairi. Akachukua bolti moja iliyokuwa na afadhali, akachukua na nati yake ya zamani, akaisukuma kwa kidole kimoja. Bolti ikapita bila kuzunguka hata nusu duru, ikatokea upande wa pili, ikadondoka mchangani.

"Umezihasi kwelikweli," akasema.

Akaniuliza bolti za injini nimeziweka wapi. Nikamwambia hizo ziko salama: kila kundi kwenye mfuko wake mdogo na karatasi iliyoandikwa zilikotoka, zimepangwa juu ya benchi, zinasubiri zamu yao kwenye ndoo. Akaacha kucheka. Akasema za injini hata ukifunga waya sawasawa usizitie humo, kwa sababu bolti iliyofanywa ngumu kiwandani inaweza kunywa ile hidrojeni ndani kwa ndani, ikatoka inameremeta na siku ya kukazwa ikakatika kama chaki. Za injini hata siki nisizitie, ni mafuta na brashi tu. Niliitikia kwa heshima zote. Zile bolti ndizo fahari pekee iliyonibakia, na ile mifuko ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa utaratibu tangu nianze mradi huu.

Nikaagiza bolti mpya za madigadi. Yule niliyemtazama vibaya hajui, na wewe usimwambie.

Jembe nalo Mama aliliona jioni ile ile. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye muhuri. Alisema kumbe miaka yote aliyonisomesha haikupotea bure. Kesho yake jembe lina mpini, na Mama amelibeba begani anapita nalo kwa majirani wasio na shamba.

Wiki moja baadaye nikarudi kutoka kazini nikakuta foleni ukutani. Majembe manne, mapanga mawili, reki moja, na kitu ambacho nadhani kiliwahi kuwa mkasi wa kukatia ua. Vyote vina kutu, vyote vina jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Mama amekaa karibu na ndoo, amekwishabadilisha maji.

"Mama, hii kazi siyo..."

"Nimeshawaambia ni bure, mwanangu. Chuma siyo shida."

"Chuma gani?"

"Si kile kinacholiwa." Akaniinulia kopo, akalitikisa ili nisikie limejaa. "Nilijua zako ziliisha kwenye jembe langu, nikakukusanyia nyingine pale juu ya benchi. Zilikuwa zimetawanyika kwenye vimfuko vimfuko, nimezichanganya zote humu. Vimfuko nimevifua, vitafaa kwa mbegu."