Rada Iliyoagizwa Isione

Tarehe 12 Februari 2023, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-16 ilifyatua kombora kulenga kitu kidogo kilichokuwa kikielea juu ya Ziwa Huron. Kombora la kwanza lilikosa shabaha, la pili likapata. Kilikuwa kitu cha tatu kutunguliwa kwa siku tatu mfululizo, baada ya kimoja huko Alaska na kingine Yukon, nchini Kanada. Wiki moja nyuma, puto kubwa la China lilikuwa limeangushwa karibu na pwani ya South Carolina, baada ya kuvuka bara zima huku watu wakilipiga picha kwa simu zao.

Kila mtu akauliza: mbona ghafla anga imejaa? Jenerali Glen VanHerck, aliyekuwa mkuu wa NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada inayolinda anga ya Amerika Kaskazini, alitoa jibu ambalo halikupata vichwa vikubwa vya habari, lakini mimi sijalisahau. Alieleza kwamba rada huchuja inachokiona kwa kufuata kasi. Kitu kidogo kinachokwenda polepole huondolewa kwenye kioo, la sivyo makundi ya ndege wenye manyoya yangeonekana kama maadui. Baada ya puto la China, vichujio vililegezwa, na vitu vikaanza kujitokeza. Si ajabu vilikuwa vikipita siku zote. Rada ilikuwa na macho. Iliagizwa tu isione.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mjadala kuhusu mambo yasiyoelezeka yanayoonwa angani na wanajeshi huwa unaanzia kwa viumbe wa sayari nyingine, na ukishaanzia huko haurudi. Upande mmoja wanasubiri serikali ikiri kwamba imeficha chombo ghalani. Upande wa pili wanacheka. Anayesahaulika ni rubani mwenyewe, ambaye hakusema lolote kuhusu sayari. Alisema: nimeona kitu, sikukitambua, na kilikuwa njiani kwangu. Je, maneno hayo yanastahili kuchunguzwa kwa fedha za umma? Nadhani yanastahili, ingawa wanaosema hapana si wajinga hata kidogo.

Ryan Graves alikuwa rubani wa F/A-18 katika Jeshi la Majini la Marekani. Julai 2023, akiwa chini ya kiapo mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, alisimulia yaliyotokea kikosini kwake kuanzia mwaka 2014, kwenye eneo la mazoezi karibu na pwani ya Virginia. Ndege zao zilikuwa zimefungwa rada mpya, na rada hizo zikaanza kuonyesha vitu ambavyo zile za zamani hazikuvionyesha. Mwanzoni marubani walidhani ni hitilafu ya programu, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelidhani. Kisha kamera za joto zikaonyesha kitu palepale rada ilipoonyesha. Halafu siku moja, kwa maelezo yake, kitu mfano wa mchemraba mweusi ndani ya tufe linaloonyesha ndani, kama kioo, kikapita katikati ya ndege mbili zilizokuwa zikiruka pamoja, kwa umbali wa takriban futi 50 kutoka ndege iliyotangulia. Kiongozi wa zoezi alilikatisha papo hapo, wakarudi. Kikosi kiliwasilisha ripoti ya usalama, lakini, anasema Graves, hakikupata uthibitisho rasmi wa tukio, wala hapakuwa na utaratibu mwingine wa kuripoti.

Weka kando umbo la hicho kitu, kwa kuwa umbo ndilo sehemu ambayo jicho hukosea upesi zaidi. Baki na futi 50. Kwa ndege inayokwenda kasi ile, futi 50 ni kufumba na kufumbua. Kama lilikuwa puto la mtu, ni hatari. Kama ilikuwa ndege isiyo na rubani ya nchi nyingine inayopeleleza mazoezi, ni hatari na ni ujasusi. Hakuna jibu miongoni mwa majibu yanayowezekana ambalo linamruhusu mkuu wa kikosi kusema, "Basi, yaishe."

Hata hivyo kwa miaka mingi yaliisha hivyo, kwa sababu kuna kichujio kingine kinachofanya kazi kabla ya kile cha rada, nacho ni aibu. Rubani wa kivita huishi kwa kuaminiwa macho yake na utulivu wake. Anayesimama mbele ya wenzake akaeleza jambo la ajabu anahatarisha heshima, na pengine kibali chake cha kurusha ndege. Graves alikadiria kwamba labda asilimia 5 tu ya matukio ndiyo huripotiwa. Hayo ni makadirio ya mtu mmoja na siyatumii kama takwimu, lakini mwelekeo wake unaungwa mkono na jambo lililo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2019 Jeshi la Majini lilitangaza kwamba linaandaa mwongozo mpya wa kuripoti. Ofisi ya Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa ilipotoa tathmini yake Juni 2021, ilikuwa na ripoti 144 zinazoanzia mwaka 2004, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeingia katika miaka miwili ya mwisho. Kilichobadilika, kama tathmini yenyewe ilivyoona, ni njia ya kuripoti kuanza kujulikana. Watu walifungua midomo.

Katika ripoti hizo 144, moja tu ndiyo iliyoelezwa kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa likiishiwa hewa. Themanini zilihusisha zaidi ya kifaa kimoja cha kunasa, kama rada na kamera, na 11 zilikuwa za marubani waliosema walikaribia kugongana na kitu. Wapenda maajabu waliishika ile 143 iliyobaki kama ushahidi. Mimi naiona kama aibu ya kiofisi.

Sasa njoo kwenye namba inayonisumbua zaidi. Ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia suala hili, AARO, iliyoanzishwa mwaka 2022, ilitoa Novemba 2024 hesabu ya ripoti ilizopokea kati ya Mei 2023 na Juni 2024. Zilikuwa 757, nyingi zikiwa zimetoka kwa marubani wa kiraia. Kati ya hizo, 21 zilionekana kustahili uchambuzi wa kina zaidi. Mia nne na arobaini na nne ziliwekwa kwenye hifadhi kwa kukosa data ya kutosha kufikia hitimisho lolote.

Wanaoshabikia huikimbilia ile 21. Wanaobeza huisoma ile 444 wakasema: unaona, hakuna kitu. Lakini kukosa data si sawa na kukosa kitu. Zaidi ya nusu ya watu waliochukua muda wao kueleza walichokiona waliambiwa, kwa kifupi, kwamba maelezo yao hayatoshi kusema kama lilikuwa puto, ndege, setilaiti au droni. Je, saa iliandikwa? Mwelekeo? Rekodi ya rada ilihifadhiwa, au ilifutwa kabla ya yeyote kuiomba? Mtu asiyetaka kusikia neno lolote kuhusu maajabu ya angani ndiye angepaswa kuikasirikia ile 444 kuliko wote, maana faili lisilofungwa ndilo hulisha uvumi. Lisemwalo lipo, wahenga walisema. Hapa tunachoweza kusema ni kwamba lilisemwa, likawekwa kabatini.

Na hata tukio mashuhuri kuliko yote lina udhaifu uleule. Novemba 2004, nje ya pwani ya kusini mwa California, manowari USS Princeton ilikuwa imeona alama za ajabu kwenye rada kwa siku kadhaa. Marubani David Fravor na Alex Dietrich, kila mmoja katika ndege yake, wakatumwa kwenda kuangalia, wakaona kitu cheupe, kirefu, kisicho na mabawa. Hadharani leo tuna kumbukumbu zao pamoja na video fupi iliyochukuliwa baadaye siku ileile na mwanajeshi wa ndege nyingine. Marubani waliofunzwa, rada bora, zaidi ya miaka 20 tangu tukio, na ushahidi unaoweza kushikwa mkononi unaingia kwenye simu ya mfukoni.

Wanaopinga uchunguzi wana hoja nzito, na nzito zaidi ni kwamba mwanajeshi naye ni binadamu. Video maarufu ya mwaka 2015 inaonyesha kitu kinachoonekana kukata upepo juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Jopo la NASA la watu 16, lililoongozwa na mwanafizikia David Spergel, lilichukua namba zilizoandikwa kwenye kioo cha video yenyewe na kupiga hesabu. Kitu kilikuwa kwenye kimo cha futi 13,000 hivi, mbali na maji, na mwendo wake ulikuwa kama maili 40 kwa saa, mwendo wa kitu kinachopeperushwa. Kasi tuliyoiona ilikuwa ya ndege iliyokuwa ikipiga picha. Aliye ndani ya treni huona miti ikikimbia. Mei 2022 pia, bungeni, afisa wa ujasusi wa Jeshi la Majini Scott Bray alieleza kwamba zile pembetatu za kijani zilizovuma mtandaoni zilitokana na mwanga kupita kwenye darubini ya usiku na kuingia kwenye kamera. Nikitazama video hizo sasa nashangaa niliwahi kuona kitu kingine.

Hoja ya pili inanichoma zaidi kwa sababu inatumia mfano wangu mwenyewe. Vichujio vya rada vililegezwa, na matokeo yakawa nini? Makombora ya zaidi ya dola 400,000 kila moja yalifyatuliwa kwenye vitu ambavyo Rais Biden, siku nne tu baada ya kile cha mwisho, alisema kuna uwezekano mkubwa vilikuwa maputo ya kampuni, ya wapenda mchezo huo au ya watafiti. Kichujio kiliwekwa kwa sababu. Ukimsikiliza kila mtu utazama kwenye kelele, na adui wa kweli atapita humo humo. Hofu hii ni ya zamani: jopo lililoitishwa na CIA mwaka 1953 liliogopa wingi wa ripoti kuliko lilivyoogopa visahani virukavyo vyenyewe, likapendekeza umma uelimishwe ili mvuto wa jambo lenyewe ufifie.

Ongeza na wale wanaoishi kwa kusimulia. Sean Kirkpatrick, mkurugenzi wa kwanza wa AARO, aliandika baada ya kuondoka kwamba alichoshwa na hadithi zilizozunguka miongoni mwa kundi dogo la watu, kila mmoja akimnukuu mwenzake, bila ushahidi. Ripoti ya kihistoria ya ofisi hiyo, ya Machi 2024, haikupata ushahidi wowote wa teknolojia kutoka nje ya dunia. Naikubali. Sijaona sababu ya kutoikubali.

Lakini tazama yale makombora kwa upande mwingine. Yalifyatuliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya kuchosha mapema: kujua puto la mtafiti linaonekanaje kwenye rada, na joto lake likoje kwenye kamera. Nchi yenye daftari la namna hiyo haihitaji kombora kuuliza swali. Na daftari hilo huandikwa kwa ripoti zilezile tunazoambiwa ni kelele. Ufaransa imekuwa na ofisi ndogo ya kazi hii Toulouse, chini ya shirika lake la anga za juu, tangu mwaka 1977. Askari wa Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa nchi hiyo, huandika maelezo ya shahidi, ofisi huyachambua na kuyaweka mtandaoni. Sehemu ndogo tu hubaki bila jibu, na jamhuri haijaanguka.

Kuna na kichujio cha tatu, kigumu kuliko aibu, nacho ni siri. Tarehe 7 Januari 1948, Kapteni Thomas Mantell wa kikosi cha anga cha jimbo la Kentucky aliombwa akiangalie kitu kilichokuwa kiking'aa juu karibu na Fort Knox. Alipanda kukifuata bila vifaa vya oksijeni, akapita kimo ambacho mwili huvumilia, na ndege yake ikaanguka. Alikuwa na miaka 25. Maelezo ya kwanza yalisema huenda aliifukuza sayari ya Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba lilikuwa puto la Skyhook, la utafiti wa angahewa ya juu, mradi wa Jeshi la Majini uliokuwa siri. Kama ndivyo, mkono mmoja wa serikali ulirusha puto, na mkono mwingine ukampeleka kijana kulikimbiza.

Desemba 2023, ndege zisizo na rubani ziliruka juu ya kambi ya anga ya Langley, Virginia, siku 17. Safari hii hapakuwa na mjadala wa viumbe wala wa macho ya rubani. Kila mtu alikubali kwamba ni droni. Zilikuwa za nani, umma haujaambiwa. Langley iko karibu na bahari ileile ambayo kikosi cha Graves kilikuwa kikiruka juu yake miaka tisa kabla, kikiripoti vitu ambavyo hakuna ofisi iliyojua ivipeleke wapi.