Tangazo la umma liandikwe kwa wepesi kiasi gani?

Mwaka 2024 wateja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, waliambiwa waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu ilikuwa ya kiufundi: mfumo wa kimataifa wa mita za kulipia kabla ulikuwa ukihesabu muda kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa siku hiyo. Mita ambayo haijaboreshwa isingepokea tena umeme mpya. Sasa fikiria nyumba ya wapangaji ya Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, vyumba sita na mita moja ukutani. Aliyeshika simu, kwa kuwa zamu ya kununua umeme ilikuwa yake, hakuwa na haja na historia ya dakika. Alihitaji kujua kwamba ujumbe utakuja na makundi matatu ya tarakimu 20, kwamba ayaingize kwa mpangilio uleule bila kuruka, na kwamba mawili ya mwanzo hayana umeme ndani yake, kwa hiyo asishtuke akiona uniti hazijaongezeka. Hilo la mwisho ndilo mwandishi wa tangazo hulisahau kwa urahisi, maana kwake ni jambo lililo wazi.

Wanaotetea lugha nyepesi katika taarifa za umma wanasimamia hapo, na kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2023, ISO 24495-1, kinasema karibu hivyohivyo: msomaji apate kinachomhusu, akione bila kuhangaika, akielewe, kisha aweze kukitumia. Sioni wa kupinga hayo kwa maneno. Ubishi huanza mtu anaposhika kalamu.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili inatoka kwa wanasheria, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Chukua notisi ya kutwaa ardhi, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wameizoea kwa sababu ya barabara, reli na mradi wa bonde la Msimbazi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 haiishii kusema kwamba mtu atalipwa. Inataja thamani ya mali kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na upotevu wa faida au wa makazi. Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, faida ya biashara ya mwezi mmoja huzidishwa kwa miezi 36. Kipeperushi kinachosema “utalipwa fidia ya nyumba yako” kinaeleweka na kila mtu, ila kinamwacha mwenye nyumba aliyekuwa akiendesha duka kwenye fremu ya mbele bila kujua kwamba faida ya duka hilo ina hesabu yake peke yake. Ataridhika na nusu ya haki yake, na atakuwa ameridhishwa na maandishi mepesi.

Kwa hiyo anayedhani wepesi maana yake ni kupunguza kurasa anawapa wanasheria ushindi wa bure. Notisi ya fidia iliyo nyepesi kweli itakuwa ndefu kuliko ya sasa. Itakuwa na jedwali lenye mfano wa nyumba moja, kila posho kwenye mstari wake, na jinsi ilivyopatikana. Jina la posho libaki kama lilivyo kwenye sheria, kwa sababu mwananchi atalihitaji siku ya kudai, na chini yake maelezo ya kawaida. Hilo linaongeza gharama ya karatasi, na wahasibu wa halmashauri wana haki ya kuuliza fedha zitatoka wapi. Lakini kesi na vikao vya malalamiko navyo vina gharama.

Kuna hoja nyingine ambayo sioni ikijadiliwa vya kutosha, na kwa jiji hili ni kubwa. Ujumbe wa matapeli, ule wa “ile hela itume kwenye namba hii”, ni mwepesi kupita tangazo lolote la serikali. Sentensi moja, kitendo kimoja. Baada ya wengi kulizwa, watu wamejifunza kuamini nembo, kumbukumbu namba, muhuri na sahihi. Ndiyo maana katika makundi ya WhatsApp ya mtaa barua iliyopigwa picha, hata ikiwa imepinda na herufi zimefifia, huaminiwa kuliko maneno matupu yaliyochapwa kwenye simu. Anayetaka kufuta kila dalili ya urasimu kwenye matangazo atakuwa anawarahisishia kazi wezi.

Hata hivyo nembo haihitaji aya tatu za utangulizi ili iaminike. Tunaijua sura ya taarifa ya kukatika kwa maji. Juu kuna “Yah:”, kisha “husika na kichwa cha habari hapo juu”, kisha maelezo ya matengenezo ya bomba kuu na kipenyo chake, kisha mitaa inayoathirika imebanwa katika aya moja bila mpangilio, na saa zenyewe zinakuja mwishoni, karibu na kuombwa radhi kwa usumbufu utakaojitokeza. Mkazi wa Kimara anaisaka Kimara yake katikati ya majina mengine yote. Acha nembo, muhuri na kumbukumbu namba mahali pake, ila mstari wa kwanza useme: maji hayatatoka Jumanne kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kinga maji Jumatatu. Mitaa ipangwe kwa alfabeti, kila mmoja na mstari wake. Kipenyo cha bomba kikae mwisho, kwa anayekihitaji.

Hali ya hewa ni ngumu zaidi, na hapa nasita kuwalaumu waandishi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vitatu, Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa machungwa na Tahadhari kubwa kwa nyekundu, na huandika uwezekano wa tukio pamoja na kiwango cha athari. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilitutia hofu jiji zima, kikafika pwani kimenywea. Hidaya wa Mei 2024 alifika hadi Mafia, na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Mtabiri mwaminifu hawezi kuandika “kimbunga kinakuja” kana kwamba ana hakika, kwa sababu kikinywea watu hawatamsikiliza tena mara ijayo.

Lakini mvuvi wa Feri aliyeambiwa uwezekano ni wa wastani bado hajui kama aingie baharini usiku huo, na familia ya Jangwani, kule bondeni, haijui kama ihamishe godoro. Hapo tatizo limevuka sentensi. Mtabiri amefika mwisho wa kazi yake, na inabaki mamlaka nyingine iamue kusema: kwa Angalizo hili, ngalawa zisitoke, kwa Tahadhari hii, wa bondeni walale kwa ndugu. Matangazo mengi yenye ukungu yana ukungu kwa sababu hakuna aliyekubali kubeba uamuzi, na hakuna mhariri anayeweza kuutoa kwa niaba yake.

Je, itungwe sheria? Marekani ilitunga yake mwaka 2010, ila hairuhusu mwananchi kwenda mahakamani idara ikiikiuka. Sisi mwaka 2021 tulirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, hatua niliyoifurahia sana. Siamini kwamba sheria nyingine ndiyo inayokosekana sasa.

Kinachokosekana ni majaribio. Watumishi husema, na ni kweli, kwamba bomba likipasuka saa 9 usiku hakuna muda wa kumsomesha mtu rasimu. Lakini matangazo ya maji, ya mafuriko na ya umeme hujirudia kila mwaka kwa umbo lilelile. Kati ya Juni na Septemba, kabla ya vuli, kila ofisi inaweza kuandaa violezo vyake, kuvipeleka kwenye ofisi za serikali za mitaa kumi, kumpa msomaji karatasi na kumwuliza swali moja: utafanya nini kesho asubuhi? Wakikosea wengi, kiandikwe upya na kirudishwe mtaani kabla ya Oktoba.